Radhi Mbele ya Watu

Siku alipozikwa Zainabu pale Kitendaguro, nilikaa na wanawake wenzangu kwenye mkeka, wanaume wakiwa wamekwenda makaburini, na mjukuu wake mmoja anayesoma chuo akanisogelea. Nadhani swali lilikuwa limemkaa moyoni kwa muda mrefu. "Bibi Yustina," akasema, "wewe ni Mkatoliki wa Kashozi, na bibi yetu alikuwa Mwislamu wa mjini. Mlikuwaje ndugu namna hii?" Nikamjibu kwamba tulikutanishwa na Wayahudi. Wanawake waliokuwa karibu wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani cha kuziba mdomo kwa ukingo wa kanga, wakidhani uzee umeniingia. Sikuwalaumu. Wote waliokuwepo mwaka ule wamekwisha kuondoka, na Zainabu alikuwa wa mwisho niliyeweza kumwambia "unakumbuka" naye akakumbuka. Basi nikawasimulia pale pale kwa kifupi, na nilipofika nyumbani nikaona habari yenyewe si ya kusimuliwa kwa kifupi.

Ulikuwa mwaka mmoja wa wakati wa Mwingereza, si muda mrefu baada ya Vita Kuu ya Pili. Nilikuwa msichana wa miaka kama ishirini, nimetoka kwa masista wa Kashozi nikiwa najua kushona, kusoma, na Kiingereza cha kutosha kunipa kiburi. Nilikuwa nikikaa kwa shangazi yangu Kitendaguro. Siku moja akaja na habari kwamba mke wa fundi mkuu wa mitambo, kule kwenye kinu cha kukoboa kahawa, anatafuta msichana wa kumfundisha Kiswahili na kuzunguka naye mjini. "Lakini nasikia si Waingereza," shangazi akasema, akipunguza sauti ingawa tulikuwa wawili tu jikoni. "Nasikia ni Wayahudi." Nikamuuliza Wayahudi gani. "Wale wale wa Ijumaa Kuu," akasema. "Hata mimi nimeshangaa. Nilidhani waliisha zamani." Nami nilidhani hivyo. Kwangu Wayahudi walikuwa watu wa kwenye misa, watu wa kanzu ndefu na ngamia, kama vile mafarao. Sikujua kwamba mmoja wao anaweza kuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi na mikono yenye grisi, akaishi Bukoba karibu na ziwa.

Jina lake lilikuwa Emil, na mkewe Hana. Walikimbia kwao Ulaya kabla ya vita, wakakaa Kenya, kisha kazi ikawaleta huku. Hawakuwa na watoto. Nyumba yao ilikuwa ya bati, yenye baraza pana linalotazama ziwa, na ndani hamkuwa na vitu vingi: meza kubwa kuliko walivyohitaji watu wawili, viti vya aina mbalimbali, na makabati ya vitabu ambavyo maandishi yake yalianzia kulia kama ya Waislamu. Kwenye mwimo wa mlango wa mbele walikuwa wamepigilia kijisanduku chembamba cha mbao, kimelala upande kidogo. Siku ya kwanza nilidhani ni hirizi, na nikapita nikiwa nimebana mabega nisiiguse. Mama Hana aliniona. Hakutaka nimwite memsabu. Aliniambia kwao mwanamke mkubwa huitwa mama, na amesikia kwetu ni hivyo hivyo, kwa nini basi tusumbuke. Akanieleza, kwa Kiingereza cha pole pole, kwamba ndani mna karatasi iliyoandikwa kuwa Mungu ni mmoja, na mtu akitoka nje hukigusa. "Ili kumkumbuka Mungu?" nikauliza. "Nyumbani ni rahisi kumkumbuka," akasema. "Kinamkumbusha kwamba huko nje anakokwenda kuna watu."

Nilifika msimu wa senene. Ninakumbuka kwa sababu mji mzima ulikuwa unanuka senene wa kukaanga, na mimi niliwapelekea sahani yao, zawadi ya mgeni wa kazi. Bwana Emil aliichukua sahani akaiweka mezani, akavaa miwani, akafungua kimoja cha vile vitabu vya kuanzia kulia na kuanza kubishana na mkewe. Nikaogopa nimewatukana. Kumbe walikuwa wanatafuta ruhusa. Alinieleza kwa furaha kubwa kwamba Musa aliwaruhusu kula aina fulani za panzi, lakini babu zake walipokaa karne nyingi katika nchi za baridi zisizo na senene, wakasahau ni aina zipi. "Kwa hiyo hatuli," akasema, "si kwa sababu ni haramu. Ni kwa sababu tumesahau." Na sahani ile akaila mpishi. Mambo ya chakula yalikuwa mengi hivyo. Sokoni Mama Hana aliwapitia wavuvi mmoja mmoja akigeuza samaki kutafuta magamba. Sato alimchukua, kambare hapana, na kamongo hakutaka hata kumtazama. Wavuvi walimpa jina la Kihaya ambalo maana yake ni mama wa magamba, naye nilipomfasiria alicheka akaanza kujiita hivyo mwenyewe.

Lakini kilichonishika mimi ni Ijumaa jioni. Mchana wote wa Ijumaa nyumba ilikuwa mbio: kufagia, kuoka mikate kwa unga wa ngano wa dukani kwa Mhindi, kupanga chakula cha kesho yake juu ya makaa kisije kikahitaji moto mpya. Mama Hana aligundua kwamba ndizi na maharage, vikifungwa vizuri kwa majani ya mgomba na kuachwa juu ya majivu ya moto hadi mchana wa pili, vinafanana sana na chakula alichopikiwa na mama yake. Jua likizama nyuma ya vilima, kila kitu kilisimama. Mpishi alikwenda kwao hadi jioni ya Jumamosi na mshahara wake haukuguswa, kwa sababu, alisema Bwana Emil, amri ya kupumzika haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Ilimtaja mtumishi, mgeni, hata ng'ombe. Kule kinuni Bwana Emil alikuwa amepatana na Meneja kwamba Jumamosi hatafanya kazi, na badala yake Jumapili aliingia peke yake kupaka mashine mafuta, wakati sisi tunatoka misa na kumnyooshea vidole.

Kwa kuwa kwa shangazi nilikuwa mgeni tu, mara nyingi nilibaki kula nao. Mishumaa miwili, kikombe cha divai, na mikate miwili imefunikwa kitambaa cheupe alichokitarizi Mama Hana. Nikauliza kwa nini mkate unafunikwa, inzi hawakuwepo. Bwana Emil akafurahi. Alipenda kuulizwa kuliko kitu kingine chochote duniani. Akasema siku nyingine zote mkate hubarikiwa kwanza, lakini Ijumaa divai hutangulia. Basi mkate unafunikwa usione kwamba umepitwa, usije ukaona aibu. "Mkate hauoni aibu," nikasema. "Ni kweli," akasema, "hauoni. Mkate ni wa kujifunzia." Sikumwelewa usiku ule. Nilikula, na nilitosheka, na niliporudi Kitendaguro nilimwambia shangazi kwamba Wayahudi wanauonea huruma mkate, naye akasema ndiyo maana walipotea.

Kule kinuni alikuwepo mtunza stoo aliyeitwa Yusufu. Babu yake alitoka pwani na misafara ya zamani, akaoa Mhaya, na Yusufu mwenyewe alizungumza Kihaya kuliko hata mimi. Alikuwa mtu wa maneno machache, kanzu yake safi hata katikati ya vumbi la makapi ya kahawa. Mjini alijulikana kwa jambo jingine: Waislamu walimpa amana ya vifaa vya maziko. Sanda, jeneza la kubebea, mchango wa wafiwa, vyote vilikaa kwake, na hata sisi Wakatoliki tulisema kwamba kitu kilicho kwa Yusufu kiko mahali pake. Mkewe, Mama Zainabu, alikuwa mtu wa Kagoma upande wa Muleba, walikokuwa na kibanja chao cha migomba. Binti yao Zainabu, rika langu, alimletea baba yake chakula cha mchana, na tulikuwa tukisalimiana kwa mbali kama wasichana wanaoshindana nguo. Posa yake ilikuwa imeshapokelewa.

Msimu wa kahawa ulipofika, Mama Hana nami tulikuwa tukienda uani kwenye kinu akajifunze maneno kwa wanawake wanaochambua buni. Tulikuwa pale asubuhi mashine kubwa iliposimama. Mkanda wake wa ngozi ulikatika, na mkanda wa akiba, uliotoka Ulaya kwa taabu, haukuwepo stoo. Malori ya kahawa yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani, Meneja amesimama mlangoni na mikono kiunoni. Bwana Emil akatoka stoo mbio, uso mwekundu, akamwendea Yusufu katikati ya ua, na mbele ya wachambuzi wote, wapagazi wote na wenye malori, akamwambia kwa Kiswahili ambacho mimi nilikuwa nimemfundisha mkewe, naye akakiokota mezani: "Wewe mwizi. Umeuza mkanda wangu."

Nimesikia watu wakisema mtu aliyefedheheka huiva uso. Wa Yusufu uligeuka rangi ya majivu. Akazifungua funguo za stoo kiunoni, akaziweka chini polepole, si kuzitupa, akaondoka. Zainabu alikuwa anaingia getini na kikapu cha chakula. Alisikia yote. Baba yake alimpita, akamshika bega, wakatoka pamoja. Minong'ono ikaanza, na nyuma yangu mwanamke mmoja akasema kwa Kihaya, "Kama anaiba mikanda, sanda je?" Katika muda uliochukua kulisema, neno lile lilikwisha kutoka getini.

Siku chache baadaye meli ya Mwanza ikatia nanga, na ndani yake ulikuwamo mkanda wa akiba. Ulikuwa umepelekwa na Meneja mwenyewe kwenda kushonwa kifungo, akasahau kusema. Alimwambia Bwana Emil habari hiyo akicheka, kama mtu anayesimulia kisa cha miwani iliyopotea kumbe ipo kichwani. Yusufu alikuwa amehamia Kagoma na familia yake. Vifaa vya maziko alivirudisha msikitini kabla hajaombwa. Na watu wa upande wa mume, tulisikia, wameomba harusi isubiri kidogo.

Jioni ile niliwasikia kutoka jikoni. Walikuwa wakisema Kijerumani, lugha nisiyoijua, lakini ugomvi wa mume na mke hauhitaji mkalimani. Sauti ya Bwana Emil ilikuwa ya kujieleza, ya Mama Hana ilikuwa chini na haikupanda hata mara moja. Baadaye alikuja jikoni, akaketi kwenye kigoda, akaniambia alichokuwa amemwambia mumewe: "Nimemwambia, kila Ijumaa unafunika mkate usione aibu. Na Yusufu umemvua nguo uani."

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo limenikalia maisha yote. Kwao, alisema Mama Hana, kumfedhehesha mtu hadharani huhesabiwa pamoja na kumwaga damu, kwa sababu damu huukimbia uso. Na kuna siku moja kwa mwaka, mwishoni mwa msimu wa kahawa, ya kufunga na kutubu mchana kutwa, Mungu akawasamehe watu wake. "Basi asubiri siku hiyo," nikasema, "atubu, yaishe." Sisi tulikwenda kwa padre Jumamosi, tukapiga magoti, tukatoka wepesi. Akatikisa kichwa. "Siku ile husamehewa yaliyo kati ya mtu na Mungu. Yaliyo kati ya mtu na mtu, Mungu hawezi kuyasamehe mpaka Yusufu kwanza asamehe." Nikamwambia Mungu anaweza yote. "Hili amejinyima mwenyewe," akasema. "Angelisamehe yeye, angekuwa anagawa mali ya Yusufu."

Sikupenda maneno hayo. Jumapili nilikwenda Kashozi, na baada ya misa nikamngojea padre mzee, nikamwuliza kama mtu anaweza kuungama kwake kosa alilomtendea jirani na akasamehewa bila ya jirani kujua. Nilitaka aniambie ndiyo, nikawashinde. Padre akanitazama sana, pengine akidhani jirani ni wangu. Akanikumbusha kwamba Bwana wetu alifundisha mtu aache sadaka yake mbele ya altare, aende kwanza apatane na ndugu yake. "Na aliyefundisha hivyo, Yustina," akasema, "alizaliwa Myahudi, na mama yake pia. Hukuwahi kulifikiri?" Sikuwahi. Nilirudi Kitendaguro kwa miguu nikilifikiri njia nzima.

Tulikwenda Kagoma mara ya kwanza kwa lori la kahawa, Bwana Emil na mimi, yeye akiwa amevaa koti katika joto lile. Tulikaribishwa na Mama Zainabu mlangoni, kwa heshima na bila kiti. Alituambia mume wake yupo shambani na hajisikii kuonana na mtu. Tulimwona kwa mbali kati ya migomba, akipalilia, mgongo umetuelekea. Bwana Emil alisimama pale na kofia mkononi hadi lori lilipopiga honi. Zainabu alinisindikiza hatua chache, nikadhani atanitukana. "Wewe ndiye uliyewafundisha neno mwizi?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, lilikuwamo katika somo la sokoni. Akafikiri kidogo. "Basi mfundishe na mengine," akasema. Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Wanaouliza mlijuana vipi, hilo ndilo jibu.

Mara ya pili Yusufu alitoka. Aliketi, nasi tukapewa viti, lakini kile kisahani cha kahawa ya kutafuna ambacho Mhaya humwekea hata mpita njia hakikuja. Bwana Emil alisema kwa Kiingereza, na mimi nikafasiri neno kwa neno, kama nilivyofundishwa na masista: "Bwana anasema anasikitika sana kwa yaliyotokea." Yusufu akaniangalia mimi, si yeye. "Binti, mwambie mafuriko hutokea. Radi hutokea. Mimi hakikunitokea kitu. Yeye alisema." Nikafasiri. Bwana Emil akainamisha kichwa, kisha akajaribu tena, safari hii akianza na neno mimi. Yusufu akamsikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi. "Mwambie nimemsikia. Lakini alinitukana mbele ya Bukoba nzima, na sasa anataka kuniomba radhi mbele ya migomba. Migomba hainidhanii mimi mwizi."

Tukiwa njiani kurudi, tuliliona ziwa. Bwana Emil akaniambia, kama anayesema peke yake, kwamba yule mtu anaijua sheria yao kuliko yeye. Nami, kati ya magunia, nilikuwa nikiwaza kazi yangu mwenyewe. Nilidhani kufasiri ni kubadilisha maneno. Siku ile niliona kwamba neno "yaliyotokea" linaweza kumficha mtu mzima nyuma yake, na mkalimani akamsaidia kujificha bila kujua. Baadaye nilifanya kazi hiyo miaka mingi katika mabaraza, na kila mshtakiwa aliposema "ikatokea", nilisikia sauti ya Yusufu.

Kufanya jambo lile uani haikuwa rahisi kama inavyosikika leo. Meneja alikuja nyumbani, wakakaa barazani, nami nilikuwa sebuleni nikipindua kola ya shati. Alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lilinitisha. Alimwambia Bwana Emil kwamba mkanda ulikuwa kosa lake yeye, yuko tayari kumrudisha Yusufu kazini na kumwongezea kitu, lakini Mzungu akisimama uani akaomba radhi kwa mtunza stoo, kesho kutakuwa na foleni ya wanaodai waombwe radhi. "Inaweza kuwa foleni ndefu," Bwana Emil akakubali. Meneja akasema mkataba wake unakwisha mwaka ujao, na yeye asingependa kushindwa kuutetea. Alipoondoka, Bwana Emil aliingia akaketi kwenye meza ile kubwa, akamwambia mkewe kwa Kiingereza, ili nami nisikie nadhani, kwamba pengine mara mbili zinatosha, pengine Yusufu mwenyewe angependelea kazi yake kuliko maneno.

Mama Hana alikuwa anakunja vitambaa. Wakati huo nilikuwa najua, kwa vipande vipande, kwamba wazazi wake na dada zake wawili walibaki Ulaya na wakauawa wote vitani, si kwa risasi za mapigano bali kwa sababu ya kuwa Wayahudi. Alikuwa hasemi habari hiyo. Jioni ile alisema. "Waliowaua watu wangu hawatakuja kubisha mlango huu," alisema. "Wako hai, wengi wao. Wanakula, wanalala, na labda wanamwomba Mungu awasamehe. Mimi hakuna aliyekuja kuniuliza. Ninajua mtu anayekaa akingoja kuulizwa anavyokaa, Emil. Usinifanye niishi nchi moja na mwenzangu wa kungoja, na wewe ndiye uliyemkalisha hivyo." Akaendelea kukunja vitambaa. Bwana Emil akaniita, akaniambia nilete daftari langu, nimfundishe kusema.

Tulijifunza wiki nzima. Nilijitolea kufasiri, akakataa. Alisema tusi hakulisema kwa mkalimani. Zainabu alipeleka ujumbe kwa baba yake, na asubuhi iliyotangulia siku yao ya kufunga, Yusufu akaingia getini na kanzu yake safi, akasimama pale pale aliposimama siku ile. Bwana Emil akaisimamisha mashine kwa mkono wake. Malori yalikuwa barabarani, Meneja yuko dirishani. Wachambuzi wakaacha buni. Akasema, kwa lafudhi yake nzito: "Siku ile nilisema Yusufu ni mwizi. Yusufu hakuiba. Mimi nilisema uongo juu yake. Nilisema mbele yenu, leo nasema mbele yenu. Yusufu, nimekukosea. Naomba radhi yako." Wapagazi walitazama chini. Mwanamke yule aliyeuliza habari ya sanda alijifunika uso kwa kanga.

Yusufu akasema, "Nimesikia," akageuka, akaondoka.

Bwana Emil alirudi nyumbani kama mtu aliyepigwa. Mkewe akamwambia sheria haimtaki zaidi ya hapo. Ameomba mara tatu, na ameomba vizuri. Akajibu kwamba sheria imetosheka, yeye hajatosheka. Wakala kabla ya jua kuzama, wakaingia katika mfungo wao bila kujua Yusufu ameamua nini.

Yaliyofuata miaka ya mbele naweza kuyasema haraka, kwa sababu hayakuwa na uchungu niliodhani yatakuwa nao. Mkataba haukufanywa upya, nao wakaondoka kwa meli mwaka uliofuata kwenda Kisumu, na kutoka huko Nairobi, ambako waliishi vizuri hadi uzee wao. Msikiti ulimrudishia Yusufu vifaa vya maziko ndani ya juma lile. Watu wa upande wa mume nao walirudi, wakiwa na maneno matamu na mbuzi, na Zainabu akamwambia baba yake mbele yao kwamba hamtaki mtu ambaye nyumba yake huamini haraka upande wowote upepo unakovuma. Baba yake akamwunga mkono. Aliolewa baadaye na seremala wa Kitendaguro, mtu wa kuuliza mara mbili kabla ya kusadiki, na waliishi kwa raha. Siku ya harusi mimi nilisimama karibu naye kuliko shangazi zake.

Lakini ninapoufikiri mwaka ule, akili yangu hukataa kwenda mbele ya jioni ile ya mfungo. Nilishinda na Mama Hana nyumbani. Walikuwa wamevaa nyeupe, wakisoma kwa sauti ya chini, hawakunywa hata maji, na mchana ulipopita alikuwa amelala kwenye kiti kirefu, midomo imekauka, anaonekana ametulia kuliko siku zote. Jua lilipoanza kugusa vilima nikainuka kupika uji, kwani mpishi alikuwa kwao. Nikasikia hodi.

Alikuwa Yusufu, na mkewe, na Zainabu, wote watatu na masufuria vichwani na mikononi. Mama Zainabu hakungoja kukaribishwa. Alinipita hadi jikoni akisema kwamba aliyefunga hupelekewa futari, kila Mwislamu analijua hilo, na huyu mama wa watu hana hata jirani wa kumletea uji. Uji wa ulezi, ndizi, na sato mwenye magamba yake, vyote vimepikwa mjini kwa jirani yao wa zamani. Zainabu alikuwa amewaeleza niliyomwambia. Bwana Emil akatoka barazani akiyumba kidogo. Yusufu akamshika mkono, akamkalisha. "Bwana Emil," akasema, "nimekusamehe. Kazini sirudi. Nitauza kahawa yangu mwenyewe Kagoma." Bwana Emil akaitikia kwa kichwa.

Yusufu akatazama vilima. "Jua limezama. Futuru."

"Bado," Bwana Emil akasema. "Kwetu hadi zionekane nyota tatu."

"Jua limezama, mtu ana njaa, chakula kiko tayari," Yusufu akasema, "na bado mnataka nyota?"

"Tatu," akasema Mama Hana kutoka kwenye kiti chake, na nilisikia kwamba anatabasamu.

Basi tukakaa sote barazani, masufuria yamefunikwa majani, tukalitazama anga juu ya ziwa. Kulikuwa na mawingu. Mama Zainabu alilalamika uji unapoa. Zainabu ndiye aliyeiona ya kwanza, upande wa kisiwa. Ya pili niliiona mimi, na Bwana Emil akabisha kwamba ni taa ya mvuvi, hadi ilipopanda. Kisha tukangoja. Nilijua, kama ninavyojua sasa, kwamba sijawahi kukaa mahali pazuri zaidi ya pale. Mwishowe Yusufu akainuka, akasogea ukingoni mwa baraza, akainua kidole juu ya mawingu.

"Ile pale ya tatu," akasema. "Kula, ndugu yangu."